Maji na Jeraha



Ndugu zangu Waislamu, katika nchi yetu hii ya Shinyanga na Geita hapana nyumba isiyojua jeraha. Mkulima wa pamba hujikata kwa jembe, mchungaji huchomwa na mwiba, na vijana wetu walioacha jembe wakashika sururu na moko ndio walio hatarini kuliko wote. Hao huteremka katika maduara yaliyochimbwa kwa mikono. Jiwe huwaangukia mguuni, kamba huwachuna viganja, na kipande cha mwamba kilichopasuliwa huruka kikawapiga usoni. Toka Kahama hata Kakola, toka Nyarugusu hata Rwamgasa, jambo ni hilo hilo. Sikukusudia leo kunena juu ya dhahabu, wala juu ya halali na haramu ya mali itokayo humo. Hayo yana mahali pake. Nakusudia kunena juu ya ile saa ya kwanza baada ya mtu kuumia, na juu ya kile kitu kimiminwacho katika jeraha lake.

Maana watu wa kwetu wana imani moja iliyoota mizizi, kwamba dawa ya jeraha ni lazima iwashe, na isiyowasha si dawa. Kwa ajili hiyo utaona jeraha likimiminiwa mafuta ya taa, au spiriti, au Dettol isiyochanganywa na maji. Mwingine hutia chumvi kavu, mwingine majivu ya jikoni, mwingine majani yaliyotafunwa, na kwa wafugaji hutiwa hata samadi mbichi. Kijana wa machimboni huenda dukani akanunua zile kapsuli tuziitazo rangi mbili, akazipasua, akamwaga unga wake katika nyama iliyo wazi, kisha akafunga kwa kipande cha fulana aliyofanyia kazi tangu asubuhi. Maji hayamo kabisa katika hesabu yake. Ukimwambia, "Mwanangu, osha kwanza," atakujibu, "Maalim, maji yataozesha kidonda."

Siku moja katika darsa, baada ya Maghribi, nilikuwa nikikataza majivu, na mzee mmoja akanipinga kwa adabu. Akasema, "Maalim, wewe wakataza majivu, na majivu yamo katika habari ya Uhud. Au hukuisoma?" Nikamwambia, "Mzee wangu, nimeisoma, na haya tuisome pamoja hata mwisho wake."

Habari yenyewe imo katika Sahihi ya Bukhari na Sahihi ya Muslim, kwa mapokezi ya Sahl bin Saad. Katika vita vya Uhud, mwaka wa 3 wa Hijra, Mtume wetu (S.A.W.) alijeruhiwa usoni, jino lake likavunjika, na kofia ya chuma ikapondwa kichwani pake. Bibi Fatima (R.A.) akawa anamwosha damu, na Sayyidna Ali (R.A.) akimimina maji kwa ngao yake. Bibi Fatima alipoona ya kuwa maji yanazidisha kutoka damu, alitwaa kipande cha jamvi akakiteketeza hata kikawa majivu, akayabandika juu ya jeraha, na damu ikakatika.

Sasa tutazame. Kitu cha kwanza kilichofanywa ni kuosha, tena kwa maji ya kumiminwa, si kwa kitambaa kilichochovywa bakulini kikazungushwa juu ya jeraha. Majivu yalikuja baadaye, na yalikuja kwa sababu ya damu isiyokatika. Imam Bukhari mwenyewe, alipoiweka habari hii katika kitabu cha tiba, aliupa mlango wake jina la kuchoma jamvi ili kuziba damu. Wala majivu yale hayakuwa ya jikoni, palipolala paka na kuku wakapekua, bali yalitoka motoni saa ile ile. Siku zile hapakuwa na pamba safi wala bendeji. Leo damu huzuiwa kwa kukandamiza kitambaa safi juu ya jeraha na kukishikilia kwa nguvu dakika kadhaa. Basi mwenye kutaka kuufuata mwendo wa Uhud na aanze pale walipoanzia, kwenye maji. Mzee yule akacheka, akasema, "Kumbe tulishika mkia tukaacha kichwa."

Lakini jambo hili halikuwa la kucheka kwangu, na nitaeleza kwa nini. Miaka michache iliyopita niliamshwa usiku, nikaletewa kijana mchimbaji wa miaka kumi na tisa hivi. Taya zake zimekaza, shingo imerudi nyuma, na kila mlango ulipobamizwa mwili wake ulikakamaa kama upinde. Waliomleta walitaka nimsomee na nimwandikie kombe, kwa kuwa kwa fikira zao alikuwa amepagawa. Jina lenyewe la maradhi hayo, pepopunda, lawapoteza watu; wasikiapo neno pepo huenda kwa mwalimu au kwa mganga kabla ya kwenda hospitali. Nilitazama miguu yake. Katika unyayo palikuwa na kidonda kidogo cha siku nane au tisa, kimefunikwa samadi iliyokwisha kukauka. Nilimsomea Fatiha, kwani kusoma hakumzuii mgonjwa kupanda gari. Kombe sikuliandika, kwa sababu aliyefungwa taya hawezi kumeza, na ukimlazimisha utamsonga. Tulimpakia katika gari la mchanga usiku ule ule. Siku ya sita tuliletewa habari ya msiba.

Mama yake alikuja kwangu baada ya tanga akaniuliza swali moja tu: je, wangemwosha vizuri siku ile ya kwanza, angalipona?

Swali hilo sikuweza kulijibu kwa kukisia. Nina kijana niliyemfundisha tangu alifu, na leo ni tabibu. Kila ajapo likizo hukaa nami barazani baada ya Alasiri. Mimi elimu yangu ni ya chuoni na ya shule ya msingi, na maandishi ya watafiti hunishinda. Yeye husoma na kunifasiria, nami huandika katika daftari. Haya yafuatayo ni ya daftari hilo.

Juu ya pepopunda alinieleza kwamba mbegu za ugonjwa huo hukaa katika udongo na katika mavi ya wanyama, tena ni ngumu kufa, na hupendelea kidonda chembamba chenye kina na nyama iliyokufa, ambamo hewa haiingii. Kuosha hupunguza mbegu na uchafu unaozihifadhi, lakini kinga yenyewe ni sindano. Madaktari wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, ambayo ndiyo hupokea wagonjwa wazito wa kwetu, walikusanya habari za miaka 10 za wagonjwa wa pepopunda, wakazitoa mwaka 2011. Wagonjwa walikuwa 102, wengi wao sana wanaume, na waliofariki walipita 4 katika kila 10. Nilimwuliza, kwa nini wanaume? Akanijibu jambo ambalo sikulifikiri kabla. Mwanamke hupata sindano ya pepopunda anapokwenda kliniki na mimba, na kwa sababu hiyo Tanzania ilithibitishwa mwaka 2012 kuwa imeondoa pepopunda ya wazazi na watoto wachanga kuwa tatizo la umma. Mwanamume hana kliniki. Kama alichanjwa alipokuwa mtoto, nguvu ya chanjo hupungua kadiri miaka ipitavyo, na hakuna amwitaye kuirudia. Kisha huyo huyo ndiye ateremkaye duarani peku.

Hivyo nikampelekea mama yule jibu la nusu, ndilo la haki nililokuwa nalo: kuosha kungalimsaidia, na sindano ingalimkinga zaidi, na samadi ilikuwa ndiyo adui.

Tukaingia katika suala la pili, la dawa kali. Je, maji matupu yatosha, au ni lazima yatiwe kitu cha kuua vijidudu? Nilidhani jambo hili limekwisha kuamuliwa zamani. Kumbe mabingwa wa dunia wamelibishania zaidi ya miaka mia moja na hamsini, na hata leo hawajamaliza.

Mwaka 1865, katika mji wa Glasgow, daktari Joseph Lister alimtibu mtoto wa miaka 11 aliyekanyagwa na gari la farasi, mfupa wa mguu ukatokeza nje. Wakati ule mvunjiko wa namna hiyo mara nyingi ulikwisha kwa kukatwa mguu au kwa mauti. Lister alifunga jeraha kwa kitambaa kilichotiwa asidi ya kaboliki, na mtoto akapona. Tangu hapo dunia ikaamini kwamba dawa kali ndiyo mkombozi, nayo kweli iliokoa wengi. Ilipokuja vita kuu ya 1914, majeraha ya askari yalijaa matope ya mashamba yenye samadi, na dawa zile zile zikashindwa. Alexander Fleming, ambaye baadaye alivumbua penisilini, alikuwa katika hospitali ya jeshi huko Boulogne, Ufaransa. Alitengeneza chupa ya kioo yenye vichochoro kama vya jeraha, akaonyesha kwamba dawa haifiki katika vile vichochoro, na vijidudu husalimika humo; tena dawa hizo huziua chembe nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili, kabla ya kuwaua adui. Mkuu wake, Almroth Wright, alishikilia kuosha kwa maji ya chumvi. Upande mwingine, mwaka 1915, Alexis Carrel na Henry Dakin walitengeneza dawa ya klorini iliyopunguzwa makali, ikawa inaingizwa jerahani kwa mipira kila baada ya saa mbili, pamoja na kukata nyama iliyokufa. Nao walifaulu. Mimi si mwanachuoni wa mambo haya, lakini naona kwamba makundi yote mawili, pamoja na ugomvi wao, yalikuwa yakimimina tena na tena, na lile la kumimina halikuwa na mpinzani.

Katika zama zetu suala hili limepimwa kwa namna ya insafu zaidi. Wagonjwa hugawanywa kwa kura, kundi hili lipate hiki na lile lipate kile, wala daktari hachagui, ili asije akampa ampendaye dawa aipendayo. Jaribio kubwa la namna hiyo juu ya kuosha majeraha ya mifupa iliyovunjika na kutokeza lilitolewa mwaka 2015, na watu 2,447 kutoka Marekani, Kanada, Australia, Norway na India walihesabiwa. Baadhi yao walioshwa kwa maji ya chumvi, na baadhi kwa maji yenye sabuni. Tena wengine kwa maji ya msukumo mkubwa, wengine mdogo, wengine mdogo sana. Kisha wakaangaliwa mwaka mzima, nani atarudishwa kupasuliwa tena. Msukumo haukuleta tofauti ya maana. Walioshwa kwa sabuni walirudi 14.8 katika kila 100, na wale wa maji ya chumvi 11.6. Yaani kitu kilichodhaniwa kuwa na nguvu zaidi kilikuwa na madhara zaidi. Kijana wangu aliponisomea haya nilimwambia arudie mara ya pili.

Sababu yake si ngumu kufahamu. Kiuacho kijidudu aghalabu huua na nyama. Tangu mwaka 1985 watafiti walionyesha katika maabara kwamba dawa za jeraha kwa kipimo kinachotumika, ikiwamo iodini, na maji yale yatoayo povu yaitwayo haidrojeni peroksaidi, na klorini, huziua chembe zinazojenga kovu. Ile peroksaidi, ikisukumwa katika jeraha lenye kina, yaweza kuingiza mapovu ya hewa katika mishipa ya damu, na watu wamekufa kwa hilo. Hata dawa za antibiotiki zilizokuwa zikimwagwa jerahani hazikusalimika. Basitrasini ya sindano, ambayo wapasuaji wengi waliichanganya katika maji ya kuoshea, serikali ya Marekani iliomba iondolewe sokoni mwaka 2020 kwa kuwa iliharibu figo.

Walakini insafu yataka niseme na upande wa pili. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2016, lilisema kwamba daktari afikirie kuosha kidonda cha upasuaji kwa iodini ya maji kabla ya kukifunga, ingawa ushahidi wenyewe haukuwa na nguvu sana. Na likasema kwamba kuosha kwa antibiotiki kusifanywe. Kisha mwaka 2024 wapasuaji wa Ujerumani walitoa matokeo ya kuosha vidonda vya tumbo kwa dawa nyingine iitwayo poliheksanidi, na haikupunguza maradhi kuliko maji ya chumvi. Huko Dar es Salaam, katika Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, watafiti wamejaribu kuchoma gentamisini pale pale penye mfupa uliovunjika. Hilo ni jambo jingine, ni dawa iliyopimwa mikononi mwa daktari baada ya jeraha kuoshwa na kusafishwa. Mwenye kapsuli ya rangi mbili asije akalifanya hoja yake. Unga ule haukutengenezwa kwa jeraha, hugandamana na udongo ukafunika uchafu, na huwazoeza vijidudu dawa hata siku ikihitajiwa kweli isifanye kazi. Vijidudu vya namna hiyo si hadithi ya mbali. Hapo hapo Bugando, katika utafiti wa wagonjwa 250 waliofanyiwa upasuaji mkubwa, uliotolewa mwaka 2011, wagonjwa 26 katika kila 100 vidonda vyao viliingiwa na maradhi, na baadhi ya vijidudu vilivyokutwa vilikuwa vimekwisha kuzishinda dawa.

Katika habari zote alizonisomea, iliyonigusa zaidi ni ya ndugu zetu wa Pemba, kwa kuwa ni ya watoto, na kwa kuwa kitovu cha mtoto mchanga nacho ni jeraha. Katika nchi za Asia ya kusini, yaani Nepal, Bangladesh na Pakistan, ilionekana kwamba kupaka kitovu dawa ya klorheksidini kuliokoa maisha ya watoto wengi. Ikaulizwa, je, na Afrika itakuwa hivyo? Basi kuanzia mwaka 2011 hadi 2014 watoto 36,911 waliingizwa katika jaribio kisiwani Pemba, baadhi wakapakwa dawa, na baadhi wakaachwa vitovu vikavu na safi. Matokeo yalitolewa mwaka 2016. Maradhi ya kitovu yalipungua kwa waliopakwa. Lakini vifo vilikuwa 10.5 katika kila watoto 1,000 kwa waliopakwa, na 11.7 kwa wasiopakwa, tofauti ambayo wataalamu walisema haiwezi kutenganishwa na bahati. Zambia nako dawa hiyo haikuonekana kuokoa maisha. Kwa hiyo mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likaipunguza amri yake, likasema dawa hiyo ya kitovu itumiwe pale tu ambapo watu wana desturi ya kupaka vitovu vitu vya madhara, kama vile samadi. Tazameni, ndugu zangu! Palipo na usafi, dawa haikuongeza sana. Dawa inahitajiwa palipo na samadi. Na dawa hiyo hiyo, kwa kuwa chupa yake yafanana na ya dawa ya macho, imetiwa machoni mwa watu kwa makosa. Mwaka 2020 ilitolewa tahadhari kwamba zaidi ya watu 40 katika nchi tisa za Afrika walidhurika macho, na baadhi wakapofuka. Akina mama wenye chupa hiyo nyumbani waiweke mbali na dawa za macho.

Sasa mtu wa nyumbani afanye nini? Kijana wangu hapendi nijifanye daktari, nami sipendi, kwa hiyo nasema yale aliyonipa ruhusa kuyasema. Ikiwa damu inatoka kwa wingi, au mfupa unaonekana, au kitu kimechoma kikabaki ndani, usipoteze wakati kwa kuosha wala usikichomoe. Kandamiza penye damu kwa kitambaa safi na mgonjwa apelekwe upesi, kwa kuwa mvunjiko uliotokeza nje hutaka sindano ya antibiotiki mapema sana, na maji yake hupimwa kwa lita tatu, sita hata tisa mikononi mwa wapasuaji. Jeraha dogo la nyumbani, nawa mikono yako kwa sabuni, kisha mimina maji safi juu ya jeraha, mengi, hata mchanga wote utoke. Kikombe kimoja hakitoshi. Weka birika zima, au chupa ya maji iliyotobolewa kifuniko, ambayo ukiibana hutoa mchirizi mzuri. Sabuni na ipite katika ngozi ya pembeni, isiingie ndani. Usisugue, usitie pamba inayoacha nyuzi. Funika kwa kitambaa safi kikavu, na nenda zahanati ukaulize habari ya sindano ya pepopunda, hata kama kidonda ni kidogo kama tundu la msumari. Na hapo ndipo wengi hudharau.

Jeraha la kuumwa na mbwa lina hukumu yake peke yake. Hilo huoshwa kwa sabuni na maji ya kutiririka dakika 15 kamili, na mtu huenda siku ile ile kutafuta chanjo ya kichaa cha mbwa, kwani maradhi hayo yakishaanza hayana tiba.

Na maji gani? Wataalamu waliokusanya majaribio mengi juu ya suala hili, wakayapitia tena mwaka 2022, hawakuona kwamba maji ya bomba yaliyo salama kwa kunywa huleta maradhi zaidi ya maji ya chumvi ya hospitali. Na pasipo na bomba, maji yaliyochemshwa yakapoa yafaa. Hii ni rehema kwetu. Tangu mwaka 2009 maji ya Ziwa Viktoria yamekuwa yakiletwa kwa bomba Shinyanga na Kahama, na aliyewahi kuchota lambo pamoja na ng'ombe ajua thamani yake. Lakini machimboni mengi bomba halijafika. Huko maji yaliyo karibu ni yale ya mwaloni, yanapooshewa mchanga uliotoka karashani, nayo yana zebaki. Tanzania iliingia katika mkataba wa Minamata wa kupunguza zebaki mwaka 2020, lakini zebaki yenyewe bado imo mikononi mwa vijana na katika madimbwi yao. Maji hayo yasiguse jeraha kabisa. Wala mtu asidhani kwamba akiyachemsha yatatakasika. Moto huua vijidudu, hauondoi zebaki, bali huirusha hewani ikamwingia kifuani. Mwenye duara, ambaye hununua pampu, kamba na mafuta ya jenereta, haimshindi kuweka pia dumu moja la maji yaliyochemshwa, limefunikwa, na birika lake, pale pale juu ya shimo. Nimewaambia hivyo wenye maduara wawili wanaoswali kwetu Ijumaa. Mmoja ameweka. Wa pili alisema atafikiri.

Limebaki suala la udhu, ambalo ndilo niulizwalo zaidi kuliko yote haya. Ilipokewa katika Sunan ya Abu Daud, kwa Jabir (R.A.), ya kwamba mtu mmoja safarini alipigwa na jiwe akapasuka kichwa, kisha akapatwa na janaba. Akawauliza wenziwe kama ana ruhusa ya kutayamamu. Wakamwambia hana, madamu maji yapo. Akaoga, akafa. Mtume (S.A.W.) alipopata habari alighadhibika mno juu ya waliomjibu bila elimu, akaeleza kwamba mwenye kutojua tiba yake ni kuuliza. Basi maji ya kuosha jeraha mara ya kwanza ni kitu kimoja, na kulilowesha jeraha lililokwisha kufungwa mara tano kwa siku ni kitu kingine. Kwa madhehebu yetu ya Imam Shafi, mwenye bendeji ambayo kuivua kutamdhuru ataosha sehemu nzima za kiungo, atapangusa kwa maji juu ya bendeji, na atatayamamu kwa ajili ya ile sehemu isiyofikiwa na maji. Na ambaye jeraha lake li wazi katika kiganja au usoni asisugue vumbi la tayamamu juu ya nyama, kwa kuwa sharia haikuja kumdhuru mtu, na vumbi hilo ndilo lile lile lenye mbegu za pepopunda. Yako masuala ya kurudia sala, kwa kutegemea bendeji ilifungwa mtu akiwa tohara au la, na mahali ilipofungwa. Hayo hutazamwa kwa kila mtu na hali yake. Tupo chuoni kila siku baada ya Alasiri, isipokuwa Alhamisi na Ijumaa.